Hopsi za Uskoti ni za Kale, Ladha ya Mwaloni ni ya Juzi

Wapenzi wengi wa bia wanaamini kwamba bia kali ya Kiskoti, ile nzito yenye utamu wa kimea, kwa asili haina uchungu. Anayeipika nyumbani akazidisha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huambiwa amevunja mila. Akiilaza na vipande vya mwaloni, husifiwa kuwa amerudi kwenye mapipa ya wahenga. Historia inaonyesha kinyume: uchungu ni mwenyeji wa Uskoti, ladha ya mwaloni ndiyo mgeni.

Hoja kuu ya wanaokataa hopsi ni hali ya hewa: mmea huo haustawi kwenye baridi ya Uskoti, hivyo wapikaji waliutumia kwa uchoyo. Ni kweli Uskoti haikuwa nchi ya kulima hopsi. Lakini haikulima chai pia, na hakuna anayedai kwamba Waskoti hawakunywa chai. Bandari ya Leith iko mlangoni mwa Edinburgh, na hopsi za Kent, kusini mwa Uingereza, zilifika kwa biashara. Katika karne ya 19 Edinburgh ilikuwa mji mkubwa wa bia, na viwanda vyake, kikiwamo kile cha William McEwan kilichoanzishwa mwaka 1856, viliuza bia ya rangi nyepesi hadi India. Bia ya safari hiyo ilihitaji hopsi kwa wingi, kwa kuwa huzuia vijidudu vinavyoichachua. Mji uliojijengea jina kwa bia hiyo hauwezi kuitwa mgeni wa hopsi.

Mtu atasema bia ya kuuza nje ni jambo moja, na bia kali ya nyumbani ni jingine. Kuna ukweli ndani yake. W. H. Roberts, aliyeandika kuhusu upikaji wa Kiskoti katika miaka ya 1830 na 1840, alieleza namna hamira ilivyofanya kazi taratibu kwenye baridi, na bia ikabaki na utamu mwingi. Hata hivyo, utamu haufuti uchungu. Bia nzito ya kuwekwa miezi kadhaa ilizihitaji hopsi ili isiharibike, na ili utamu wake usimchoshe mnywaji.

Mwaloni una habari nyingine. Mapipa yalikuwa ya mwaloni, lakini wapikaji wa Uingereza na Uskoti walipendelea ule wa Baltiki, uliosafirishwa kutoka bandari ya Memel, kwa sababu haukuitia bia ladha. Mwaloni wa Marekani, wenye harufu ya vanila, waliuogopa. Jumba la Traquair huko Uskoti, ambako Peter Maxwell Stuart alifufua upikaji mwaka 1965, bado huchachusha bia katika vyombo vya mwaloni, lakini mbao zilizotumika miaka mingi hazitoi tena ladha ya mbao mpya. Ladha hiyo ilipata soko kupitia kampuni ya bia ya Innis & Gunn mwaka 2003, baada ya kampuni ya wiski ya William Grant & Sons kuagiza bia ya kulowesha mapipa yake, bia ambayo ilikusudiwa kumwagwa.

Tangu mwaka 1963 mkazi wa Uingereza au Uskoti hahitaji leseni ili apike bia nyumbani, na uhuru huo unamruhusu kuchanganya atakavyo. Mwaloni ni nyongeza nzuri, mradi uonjwe mara kwa mara na kuondolewa kabla haujakifunika kimea. Ila anayetaka kuiheshimu mila aanze na hopsi, na azitie bila kuomba radhi.