Majeshi ya Marini na Arinoti

Mwambie kijana wa leo kwamba mababu zake wa pwani walikuwa na majeshi yao wenyewe, yenye majenerali, makapteni, bendera na gwaride. Atakuuliza: walipigana na nani? Jibu litamchekesha. Walipigana wao kwa wao, kwa matarumbeta, mavazi na nyimbo. Hiyo ndiyo iliyoitwa beni, na vita yenyewe ilikuwa ngoma.

Kilichonisukuma kuandika habari za beni ni ubishi wa kijiweni kwetu Tongoni, kijiji cha makaburi ya kale, kama kilomita 20 kusini mwa Tanga mjini. Washikaji wameona kwenye simu mchezo uitwao eyasofti. Watu wanavaa kijeshi, wanashika bunduki za bandia zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6, wanawindana porini, kisha wanakunywa soda pamoja. Sasa wanataka nasi tuuanzishe. Kundi moja linasema tucheze kwa raha zetu tu. La pili linataka timu, ligi na kombe. La tatu, la wazee, linasema hata msijisumbue, polisi watawakamata siku ya kwanza. Mimi nasema ubishi huu pwani yetu imeshaubishana, tena zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Beni ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Jina lake limetokana na bendi. Vijana wa mjini waliwatazama wanamaji na askari wa Kizungu wakipita na ngoma zao za shaba, wakachukua mwendo, vyeo na sare, wakavifanya vyao. Wapo waliowacheka kwamba wanaiga Wazungu. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii Afrika Mashariki, alilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Mashindano yalikuwapo kabla ya tarumbeta. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni, mitaa miwili iliyoshindana tangu zamani. Beni ilikuwa mvinyo mpya katika mtungi wa zamani.

Ikashuka pwani hadi upande wa Wajerumani. Huku kwetu yakasimama makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana, watu wa kalamu na ofisi. Arinoti wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono. Kila upande ulikuwa na mfalme wake na maofisa wake. Kisha ikaja vita ya kweli. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, lenye askari wengi kutoka India, lilishuka Tanga likafukuzwa na askari wa Lettow-Vorbeck. Miaka minne iliyofuata iliwatawanya askari na wapagazi wa pande zote mbili nchi nzima, na popote walipofika waliiacha beni. Vita ilipokwisha, mtu wa Marini aliweza kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika akakuta njiani wenzake wa kumpokea, kumlisha, na akifa, kumzika.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo, na uchungu wake. Mashindano ndiyo yaliyoijenga beni. Bila Arinoti, Marini wangeshona sare ya nini? Wangefanya mazoezi usiku kucha ili wamshinde nani? Lakini ngoma haina golikipa wala kipenga. Aliyeshinda ni nani? Kila upande ulirudi nyumbani ukisema ni wao. Kwa hiyo safari ijayo sare iwe nzuri zaidi, karamu iwe kubwa zaidi, wimbo uwe mkali zaidi. Waliokuwa wakicheza wakajikuta na madeni, na maneno ya nyimbo yakaweza kugeuka ngumi.

Na serikali? Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliitazama beni kwa wasiwasi. Watu weusi wenye vyeo, wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji! Wakachunguza, wakakuta ngoma na kusaidiana. Hata hivyo hofu haikuisha. Mwaka 1935 wachimba migodi wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipogoma na baadhi yao kuuawa kwa risasi, tume ya uchunguzi iliuliza pia habari za beni, maana ilikuwa imefika hadi huko. Tarumbeta halikumtisha mtawala. Kilichomtisha ni nidhamu ambayo hakuifundisha yeye. Lakini kila ngumi iliyorushwa uwanjani ilimpa sababu ya kudai kibali na kupanga saa.

Sasa vuka bahari uende Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kila Julai, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, wanawake huimba, kibanda huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Hakuna kombe. Nani aliongoza ligi mwaka jana? Swali lenyewe halina maana.

Turudi kwenye eyasofti. Mchezo huu ulianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi ambayo raia hapati bunduki ya kweli kirahisi. Kigololi hakiachi alama kwenye nguo, kwa hiyo aliyepigwa lazima aseme mwenyewe: nimepigwa. Mchezo mzima umesimama juu ya neno hilo. Weka kombe na fedha, na neno hilo litakuwa gumu kutoka.

Sheria nayo imekwenda njia mbalimbali. Japani mwaka 2006 iliweka kikomo cha nguvu karibu jouli 1. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ilibana uuzaji wa bunduki za bandia zinazofanana na za kweli, lakini ikawaachia wachezaji mlango. Mwaka 2017 ikaandika vipimo vyao. Somalia mwaka 2015 ilipiga marufuku kuingiza hata bunduki za watoto, na ukijua hali ya Mogadishu huwezi kushangaa. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliifuta ile ya 1991. Lakini kabla ya vifungu vyote yupo askari wa doria gizani, na yeye ataiona bunduki, hataiona plastiki.

Rai yangu kwa wenzangu ni hii. Kanuni zitangulie, kombe lifuate, kama litafuata. Tuwaendee wakubwa kabla hawajatujia. Tutafute uwanja uliozungushiwa uzio, wala si kwenye magofu, ambayo yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Na asiyeweza kusema "nimepigwa" asipewe bunduki.

Majeshi ya Marini na Arinoti yamekwisha. Majenerali wao hawakumbukwi, na hakuna ajuaye nani alishinda. Lakini beni yenyewe ipo. Unguja hadi leo hupigwa mitaani kwenye harusi, watu wakiifuata nyuma kwa vicheko. Waulizeni wazee wa mitaa yenu, nyinyi mnaotaka kuandika, kabla hawajaondoka nayo.