Kabla ya vepu kulikuwa na kiko

Wadau, hizi vaporaiza za mkononi ambazo wenye nazo wanazipiga brashi kila siku si stori mpya kihivyo. Wazee wa Pwani walikuwa na kiko cha maji, na chenyewe kilitaka matunzo.

Kilikuwa na viungo vinne: bori, kijibakuli cha udongo cha kutia tumbaku, digali, mrija wa kushusha moshi, kifuu cha nazi chenye maji, na shilamu, mrija wa kuvutia. Ule mlio wa maji kububujika uliitwa malio ya kiko. Mrija ukijaa masizi, moshi haupiti. Maji yasipobadilishwa, yananuka.

Leo mashine inapasha majani joto bila kuyaunguza, lakini kichujio kikiziba, inagoma vilevile.

Ishu iko hapa: mpaka leo wapo wanaoamini maji ya shisha yanasafisha moshi. Wapi! Yanaupoza tu, sumu inapita. Koo halikwaruzi, basi mtu anazidi kuvuta. Kenya iliipiga shisha marufuku Desemba 2017.

Chombo utakisafisha. Mapafu je, utayapitishia brashi gani?