Mwajiri wa Mstaafu ni Nani?



Mtumishi wa umma akistaafu, kisha akaugua, hana budi kujibu swali moja kabla ya kupewa dawa: mwajiri wako alikuwa nani? Historia ya Afrika Mashariki yatufunza kuwa swali hilo, lisipojibiwa mapema na sheria, wenye haki huzikwa wakingali wakilisubiri jibu.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, iliajiri maelfu ya watu katika reli, bandari, posta na ndege. Mwajiri wao hakuwa Kenya, wala Uganda, wala Tanzania; alikuwa Jumuiya na mashirika yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwajiri akafa, waajiriwa wakabaki hai.

Baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht, mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Mali iligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi iliagizwa pia iwalipe raia wake pensheni. Hapo ndipo mwajiri alipopata jina. Hata hivyo malipo yalikawia. Nchini Tanzania wastaafu zaidi ya 31,000 walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na mapatano yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika. Wengi walikuwa wamekwisha kufariki.

Sisi wa Burundi, tulioingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007, tunalo fundisho hapo. Mutuelle ya watumishi wa umma iliundwa mwaka 1980: mtumishi hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya matibabu, na mwajiri huongeza sehemu yake. Lakini mwaka 2004, kufuatia Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, jeshi liliundwa upya, Polisi ya Taifa ikazaliwa, na jandarmeri ikatoweka. Je, aliyezeekea katika sare ile adai kwa nani?

Jibu ni moja. Sare hubadilika, na wizara hubadilika. Mwajiri ni Dola. Sheria na itamke hivyo waziwazi, kila mkuu wa kikosi ahifadhi daftari la watu wake, na kila askari atunze hati yake ya kuajiriwa kama atunzavyo silaha yake.