Waliotumwa Waliporudi Nyumbani

Kanisa letu lina desturi iliyo thabiti ya kumtuma mtu. Kijana anapokwenda utumishini huitwa mbele ya madhabahu, huwekewa mikono, na usharika humsindikiza kwa nyimbo. Anaporudi, mara nyingi hupewa dakika chache za salamu kabla ya mnada wa mazao. Luka hakuliacha jambo hili hivyo. Katika Matendo 14:26-28 Paulo na Barnaba wanarudi Antiokia, mahali pale pale walipotumwa. Kanisa linakusanyika kuwasikiliza. Kisha wanakaa na wanafunzi siku nyingi. Huko kukaa ndiko tunakokusahau.

Historia ya mlima wetu yaonyesha kwamba usahaulifu huu si wa jana. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwezi Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Meru pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Kisasi cha jeshi la Kijerumani kiliwaumiza vibaya Wameru, na wapiganaji wa Kichagga walishiriki humo, jambo ambalo sisi wa Kilimanjaro hatulisemi kwa wepesi. Majina ya Wazungu wale wawili kila mwanafunzi wetu wa theolojia huyajua. Lakini wale Wachagga nao walikuwa wana wa watu. Taarifa zilizoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya zilijua kuhesabu vituo na waliobatizwa. Mama aliyebaki kihambani akimngoja mwanawe hakuwa na safu yake.

Aliyetuachia mawazo ya kutusaidia ni Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa muda mrefu Old Moshi, hata akaondoka mwaka 1938. Yeye alisisitiza ukoo, ujirani na rika kuwa ni vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata. Mafundisho ya jando la Kichagga aliyaandika katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo, kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, ili kila mmoja awajibike kwa mwenzake hata baada ya mafundisho kwisha. Yatupasa kumsoma kwa tahadhari: alitamani kihamba kibaki kilivyokuwa, hali kahawa na shule vilikwisha kukibadili. Hata hivyo, juu ya wenzi wa ngao aliona sawasawa.

Mwandishi wa makala haya alilielewa jambo hilo kwa kuchelewa. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nchi za Kusini, tangu mwaka 2013 umewapokea pia vijana wa Kusini kutumika Ujerumani. Binti yangu alikwenda mwaka mmoja, akatumika katika nyumba ya wazee. Aliporudi nilimsimamisha kanisani Jumapili ya kwanza. Alisema sentensi tatu, akaketi. Majirani walimwuliza ametuletea nini. Mimi, kwa aibu yangu, nilimwuliza ataanza lini kutafuta kazi. Mama yake alimpikia mtori na hakumwuliza neno, naye ndiye aliyekuwa na hekima kuliko mchungaji.

Wiki kadhaa zilipita akiwa kimya. Kisha jioni moja akaniambia, “Baba, kuna mzee niliyemwogesha kila asubuhi kwa miezi minane. Amefariki wiki mbili baada ya mimi kuondoka. Sikumzika.” Kwetu, ambako kutofika mazikoni ni deni, maneno hayo yalikuwa mazito. Nilianza kumfariji kwa maandiko, nikaona hanisikii.

Waliomsaidia ni wasichana wawili waliopata kipaimara pamoja naye. Hawakuitwa na mtu. Walikuwa wakipita nyumbani wakienda kukata majani ya ng'ombe, wakamchukua, siku baada ya siku, na njiani wakamwacha aseme au anyamaze. Siku alipowasimulia habari za yule mzee walikuwa wanapanda kurudi. Walimwuliza jina lake. Akalitaja, nao wakasimama pale njiani, mizigo ya majani ingali vichwani mwao, hadi alipomaliza kulia.