Mwanachuo Arudipo Nakivale

Neno likizo limezoeleka mno vinywani mwa walimu, hata ni nadra kwetu kulichunguza. Muhula ukiisha hutamkwa, na wanafunzi wakatawanyika. Lakini kitenzi kilicholizaa, yaani kulikiza, kina maana nyingine ya kale, nayo ni kumwachisha mtoto ziwa. Maana hizo mbili si mbali sana, kwani mtoto aliyelikizwa ndiye awezaye kwenda mbali na mamaye na kumrudia. Aidha, likizo hudai mambo mawili: pawe na mahali pa masomo, na pawe na kwao mwanafunzi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mambo hayo mawili hayakupatikana kwa siku moja. Mwanachuo atokaye Mbarara kwenda kukaa na wazazi wake siku nne au tano hupita katika njia iliyochukua karibu nusu karne kufunguka.

Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Waliopokelewa kwanza walikuwa Wanyarwanda, hasa Watutsi, waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Walikaa kandokando ya ziwa Nakivale, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Ankole na ambayo leo ni wilaya ya Isingiro. Kwa wazee wale neno "kwetu" lilikuwa ng'ambo ya mpaka. Nakivale palikuwa mahali pa kungojea. Sheria nayo iliwaona hivyo hivyo. Sheria ya kuwadhibiti wakimbizi, iliyotungwa mwaka 1960 chini ya utawala wa Waingereza, iliwataka wakae katika makazi waliyopangiwa, na atakaye kutoka apate kibali. Basi kijana aliyebahatika kupata shule ya mbali alihitaji ruhusa ya mzazi, nauli, na karatasi ya mkuu wa makazi.

Hata hivyo wako waliosoma. Mjini Mbarara ilikuwako Shule ya Ntare, iliyoanzishwa mwaka 1956, nayo ilipokea vijana wa wenyeji na wa wakimbizi. Paul Kagame, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Rwanda, alilelewa katika kambi ya Nshungerezi ambako jamaa zake walihamia mwaka 1962, na alisoma Ntare kabla ya kwenda Kampala. Yoweri Museveni alipita katika shule hiyo hiyo. Mtoto wa kambi na mtoto wa mwenyeji walifunga shule siku moja, lakini hawakuwa wakienda mahali pa namna moja.

Mwaka 1982 jambo hilo lilidhihirika kwa ukali. Mnamo Oktoba mwaka huo Wanyarwanda wa Ankole walifukuzwa katika mashamba yao. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda, na wengine wakasongamana katika makazi ya zamani, Nakivale ikiwamo. Baada ya 1994 wengi katika wale wa kwanza walirejea Rwanda. Mahali pao pakajazwa na Wakongomani, Wasomali, Warundi, Waethiopia, na Wanyarwanda wengine wa kizazi kingine cha maafa.

Wakati huo huo Mbarara ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1989 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kikitangulia na masomo ya udaktari. Mwaka 1992 serikali ya Ujerumani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waliweka msaada wa masomo ya juu unaoitwa DAFI, kwa ajili ya vijana wakimbizi. Nafasi ni chache mno zikilinganishwa na waombaji. Lakini palipokuwa hapana mlango, tundu si haba. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, iliyompa mkimbizi haki ya kutembea nchini, ingawa kwa mipaka inayowekwa na sheria. Tangu hapo mwanachuo aweza kupanda teksi mjini Mbarara, akashika barabara ya Isingiro, akamalizia kwa bodaboda katika njia ya vumbi, bila kumpigia mtu saluti.

Basi na tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko sisi walimu wa Kiswahili tuna la kujifunza.

Wakongomani wengi wa Nakivale wametoka Kivu, na Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani. Wamekuja nacho kama walivyokuja na watoto wao mgongoni. Katika Uganda lugha hii ilikuwa na sifa mbaya: ilihesabiwa kuwa ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na jambo hilo halikuipunguzia chuki. Vijana tuliowafundisha wametueleza jinsi walivyokuwa wakiificha mjini, wakajifunza haraka kusema "agandi" kama Wanyankole wenyewe. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sasa yule yule aliyeificha huulizwa na wenzake bwenini maana ya maneno.

Lakini msomi huyu anapofika nyumbani hukuta mtihani mwingine. Mama yake humwambia, "Batoto banakungoja tangu asubuhi." Naye, akiwa na sarufi ya shuleni kichwani, husema, "Si batoto, mama, ni watoto." Wadogo zake, ambao humwita yaya, hucheka. Mama hanyanyui uso, huendelea kusonga. Kile kilicho chunguni mama hukiita bugali, binti hukiita posho kama walavyo bwenini, na kitabu chetu hukiita ugali. Tumelishuhudia jambo hili katika nyumba zaidi ya moja, na rai yetu ni kwamba Kiswahili sanifu hakihitaji kulindwa mbele ya chungu cha mama. Binti huyo ana lugha ya mtihani na ana lugha iliyomvusha mpaka akiwa mchanga. Mwalimu anayemfundisha ya kwanza ili aione haya ya pili amemlikiza kabla ya wakati.

Iko pia likizo iliyokosa mwisho. Machi 2020 shule na vyuo vyote vya Uganda vilifungwa kwa sababu ya korona, na magari ya abiria yakasimamishwa. Wanachuo waliofika Nakivale na nguo za juma moja walikaa miezi. Wa mwaka wa mwisho waliitwa Oktoba 2020. Wengine walingoja zaidi, na shule za watoto hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Wako waliorudi masomoni, na wako waliokwisha kuoa, kuolewa, au kushika jembe. Hao kwa desturi hawatajwi katika sherehe za mahafali.

Tangu Julai 2023 ziara hizi zimepata uzito mwingine. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa uchache wa fedha, liligawa wakimbizi katika makundi matatu: la kwanza kupata asilimia 60 ya posho kamili ya chakula, la pili asilimia 30, na la tatu kutopata kitu. Mwaka 2025 watu wapatao milioni 1 katika Uganda nzima waliondolewa katika msaada huo. Zamani mzazi alimfungia mwanawe mahindi na maharagwe ya kumfikisha mwisho wa muhula. Siku hizi tunawaona wanachuo wakishuka Base Camp na sabuni, sukari na chumvi, walivyonunua kwa kujinyima katika fedha zao za kujikimu. Mama hupokea, hushukuru, kisha hutafuta cha kumrudishia. Asubuhi ya kuondoka, mfuko uliokuja umejaa hupandishwa kwenye bodaboda ukiwa mwepesi, una karanga kidogo chini, na kitenge juu yake ili vumbi lisipenye.