Kelele za Umeme kwenye Nyaya (upimaji)

Kelele za umeme kwenye nyaya ni mawimbi ya masafa ya juu ambayo kifaa hurudisha kwenye waya wa stima kinapofanya kazi. Hupimwa kati ya kilohezi 150 na megahezi 30, kabla kifaa hakijaingia sokoni. Karatina, mji wa biashara wa Mathira katika Kaunti ya Nyeri, mwenye duka huzitambua redio ya masafa ya kati inapoanza kukwaruza mara tu chaja mbovu inapochomekwa kando yake. Redio hiyo hunasa kilohezi 531 hadi 1,602, ndani kabisa ya eneo linalopimwa.

Chaja hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ukataji huo ndio huzaa kelele. Ukifungua iliyotengenezwa vizuri, utaona vya kuzizuia: koili mbili kwenye pete nyeusi ya feraiti, na kapasita ya mstatili pale umeme unapoingilia. Katika chaja za bei ya kutupa, nafasi hizo mara nyingi huachwa wazi.

Shida kubwa ya upimaji ni soketi yenyewe. Laini inayolisha mashine za kusaga na za kuchomelea haifanani na laini ya mtaa wa makazi, na kifaa kilekile kingetoa majibu mawili. Kwa hiyo huwekwa kisanduku maalumu katikati, cha omu 50 na mikrohenri 50, kinachozuia uchafu wa nje na kukipa kifaa mzigo uleule popote duniani. Kifaa hukaa juu ya meza ya mbao, sentimita 80 kutoka kwenye kisanduku na 40 kutoka ukuta wa chuma.

Kipokezi kilichounganishwa na kisanduku husoma wastani, kisha kilele kilichopunguzwa kulingana na usumbufu kwa sikio: mkwaruzo wa mfululizo huhesabiwa mzito kuliko wa mara mojamoja. Busara hiyo imetoka kwa CISPR, kamati ya kimataifa iliyoanza kukutana mwaka 1934 kulinda redio. Kwenye kilohezi 150, kilele hicho kwa vifaa vya nyumbani kisizidi desibeli-mikrovolti 66, takriban milivolti 2 tu kwenye umeme wa volti 240.

Tangu 2005, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) hutaka bidhaa zikaguliwe kabla ya kusafirishwa kuja Kenya. Hata hivyo, ripoti ya upimaji huzungumzia sampuli iliyopimwa. Chaja iliyoondolewa kapasita baadaye bado hujaza simu vizuri, na jicho la mnunuzi haliwezi kuitambua. Anayeagiza kwa jumla adai ripoti ya modeli ileile anayoinunua, asitosheke na stika.