Simu Taka, au Simu Isiyopiga Hodi?

Nilikuwa nakuna nazi na shangazi yangu simu yake ilipoita. Kioo kikageuka chekundu, na kwenye namba ngeni pameandikwa "simu taka". Akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Anataka nini huyu?" Alikuwa amesoma taka kama kitenzi, na simlaumu.

Jina hili limerithiwa kutoka kwenye barua pepe. Spamu, yaani barua pepe zisizoombwa, iliitwa kwanza barua taka, simu ikafuata. Lakini spamu yenyewe haikuanza na uchafu. Spam ni nyama ya kopo iliyoingia madukani Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, waliigiza mkahawa ambao karibu kila chakula chake kina nyama hiyo, na wateja waliovaa kama Waviking wanaliimba jina lake mpaka watu hawasikilizani. Watumiaji wa kompyuta wakalichukua neno hapo. Kiini chake ni kelele inayomeza mazungumzo ya wengine.

Taka kwetu ni kitu kingine: maganda, majivu, kitu kilichokwisha kazi na kupelekwa jalalani. Anayekupigia magharibi kukuuzia bima huenda ana bima nzuri kabisa. Kosa lake ni kuingia bila hodi. Hapo ndipo sheria inapomshika. Nchini Marekani, tangu mwaka 2003 lipo daftari la taifa ambamo mtu huandikisha namba yake ili wauzaji wasimpigie, na hakuna anayeuliza kama bidhaa ni bora au mbovu. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data, haimruhusu mfanyabiashara kutumia taarifa zako kibiashara kwa sababu tu amezipata. Kwanza sheria huuliza kama uliridhia. Kwa hiyo, katika maandishi ya sheria na ya magazeti, mimi ningeandika simu zisizoridhiwa. Simu taka ibaki kwenye kioo, kwa kuwa ni fupi na imeshazoeleka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba neno hilohilo linamfunika tapeli. Daftari humzuia anayeogopa faini. Tapeli haogopi, na mara nyingi hata namba inayoonekana si yake. Marekani imelazimika kuzitaka kampuni za simu zithibitishe kwa saini ya kidijitali namba inakotoka. Nchini Tanzania, anayetuma meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" huitwa tapeli, waziwazi, na meseji yake hutumwa 15040 ili namba ifuatiliwe.

Taka hutupwa, tapeli hushtakiwa. Shangazi alikuwa amepokea meseji tatu za kitapeli na kufuta mbili, akiziona takataka kama matangazo mengine. Tulinawa mikono, tukaituma ya tatu.